Namna ya Kula Kranberi Bila Kulishwa Maneno

Kranberi ni tunda dogo jekundu la Amerika Kaskazini, chachu ya kukunja uso. Huku kwetu halioti, lakini limeshafika. Utalikuta kwenye maboksi ya juisi supamaketi, kwenye vidonge katika maduka ya dawa, na zaidi kwenye stetasi za WhatsApp za wauzaji, ambako limebebeshwa kazi ambazo hata hospitali ya rufaa haizimalizi. Linang'oa UTI sugu, linasafisha figo, linayeyusha kitambi, linaponya vidonda vya tumbo na kurudisha ujana. Wahenga walishasema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tunda lenyewe halina ubaya. Kibaya ni hayo maneno yanayotembezwa nalo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulifaidi tunda huku akibaki na pesa zake na figo zake. Wauzaji wa maneno nitawakejeli waziwazi, kwa sababu anayemuuzia mama mjamzito boksi la juisi ya sukari pale anapopaswa kumwambia akapime mkojo, anachezea uhai wa watu wawili. Fuata hatua moja baada ya nyingine.

Hatua ya 1: Lijue tunda kabla ya kulilipia

Kranberi huzaliwa na mmea mfupi unaotambaa chini, kwenye maeneo ya majimaji yenye mchanga, mboji na asidi nyingi. Wenyeji wa Amerika Kaskazini walikuwa wakiila karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Waliitwanga pamoja na nyama kavu na mafuta, wakapata chakula cha safari kinachokaa muda mrefu bila kuharibika. Baadaye mabaharia wa Marekani waliibeba melini kujikinga na kiseyeye. Mwaka 1816, huko Dennis kwenye rasi ya Cape Cod, jimbo la Massachusetts, Henry Hall, aliyekuwa amepigana vita vya uhuru wa Marekani, aliona kwamba mimea iliyofunikwa na mchanga uliopeperushwa na upepo ilistawi kuliko mingine. Akaanza kumwaga mchanga kwa mikono yake, na kilimo cha kranberi kikaanzia hapo. Leo jimbo la Wisconsin peke yake linatoa zaidi ya nusu ya kranberi zote za Marekani.

Ukiipata mbichi, ikate katikati kwa kisu. Ndani utaona vyumba vinne vyenye hewa tupu, na mbegu ndogondogo zimejibanza humo. Hewa hiyo ndiyo inayorahisisha mavuno. Kati ya Septemba na Novemba shamba hufurikishwa maji, mashine hupita ikitikisa mimea, matunda huchomoka na kuelea juu mpaka shamba zima linakuwa jekundu, kisha wavunaji wenye mabuti marefu huyaswaga pembeni ili yavutwe kwenye malori. Matunda yanayovunwa hivyo huishia kwenye juisi, sosi na vifungashio vya matunda makavu. Yale ya kuuzwa mabichi huvunwa shamba likiwa kavu. Kranberi nzima ikiangushwa mezani hudunda, na iliyooza hubaki palepale ilipoangukia.

Yote haya yanakuhusu wewe uliyesimama mbele ya rafu ya Dar es Salaam au Nairobi. Kranberi inayokufikia imevuka bahari, kwa kawaida ikiwa imekaushwa au imegeuzwa juisi au unga wa vidonge. Sehemu kubwa ya bei ni nauli. Mtu asikuambie kwamba ughali wake ni ushahidi wa nguvu yake.

Hatua ya 2: Geuza boksi

Upande wa mbele wa boksi umeandikwa na mwenye kuuza. Upande wa nyuma umeandikwa kwa sababu sheria inamlazimisha. Wewe soma wa nyuma.

Juisi ya kranberi tupu, isiyoongezwa kitu, ni chachu kiasi kwamba watu wachache sana huimaliza glasi. Kwa hiyo kinachouzwa kwa wingi ni kinywaji cha kranberi: juisi kidogo, maji mengi, sukari ya kutosha kuuficha uchachu. Kinywaji cha aina hiyo kilichozoeleka Marekani kina asilimia 27 tu ya juisi, na kikombe kimoja cha mililita 240 hubeba takribani gramu 28 za sukari. Hivyo ni vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na afadhali zaidi ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Kikombe kimoja cha "afya" kimeshavuka kiasi hicho kabla hujanywa chai ya asubuhi.

Tafuta maneno matatu kwenye orodha ya viungo. La kwanza ni sukari, au majina yake mengine kama sharubati ya mahindi. Likitangulia kwenye orodha, jua ndilo lililo jingi baada ya maji. La pili ni asilimia ya juisi. La tatu ni majina ya matunda mengine, maana maboksi mengi yenye picha ya kranberi yamejazwa juisi ya tufaha au zabibu, na kranberi imetiwa kidogo kwa ajili ya rangi na jina.

Kranberi kavu nazo zisikupumbaze. Tunda bichi la gramu 100 lina gramu 4 hivi za sukari na nishati ya kilokalori 46 tu. Likishakaushwa kwa kutiwa sukari, gramu 100 hizo hizo hubeba takribani gramu 70 za sukari na kilokalori zaidi ya 300. Ni kitafunwa kitamu, kwa hiyo kipime kama unavyopima peremende.

Na ukisikia kwamba kranberi ni ghala la vitamini C, nenda sokoni ukanunue mapera. Gramu 100 za kranberi mbichi zina miligramu 14 hivi za vitamini hiyo, wakati gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200. Pera halina matangazo, lina ushahidi.

Hatua ya 3: Elewa kazi yake halisi

Hapa sasa ndipo kranberi inapostahili heshima, na heshima hiyo naitoa kwa moyo wote.

Maambukizi mengi ya njia ya mkojo, ambayo sote tumezoea kuyaita UTI, husababishwa na bakteria aitwaye Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo. Akitoka huko na kuingia kwenye mrija wa mkojo, ambao kwa mwanamke ni mfupi na uko karibu na njia ya haja kubwa, hupanda mpaka kwenye kibofu. Ili mkojo usimsombe, huota vinyuzi vidogo mwilini mwake na kuvitumia kung'ang'ania ukuta wa kibofu. Akishashika vizuri, huzaliana, na ndipo mkojo unapoanza kuunguza.

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba kranberi huutia mkojo asidi na kumuua bakteria. Miaka ya 1980 watafiti walianza kuonyesha jambo jingine: juisi hiyo inamzuia bakteria kushika. Baadaye ikabainika kwamba kazi hiyo hufanywa na kemikali za jamii ya proanthosianidini, za aina ambayo matunda mengi mengine hayana. Kemikali hizo hazimuui bakteria. Zinamnyima mahali pa kujishikiza, kisha mkojo unamtoa.

Shika jambo hili, kwa maana mwongozo wote unasimama juu yake. Kranberi ni kitasa cha mlango: humzuia mwizi aliye nje, lakini akishaingia chumbani, kufunga kitasa hakumtoi.

Hatua ya 4: Jiulize kama wewe ndiye mhusika

Wanasayansi wamebishana kuhusu kranberi kwa miongo kadhaa, na ubishi wao unafundisha kuliko matangazo yote. Mwaka 1994 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya wanawake wazee 153, ambao baadhi walikunywa mililita 300 za kinywaji cha kranberi kila siku kwa miezi sita, na wengine wakapewa kinywaji cha kufanana nacho kisicho na kranberi. Sampuli za mkojo zenye bakteria pamoja na usaha zilikuwa 28 katika kila 100 kwa wasiopata kranberi, na 15 kwa walioipata. Utafiti huo uligharimiwa na Ocean Spray, ushirika wa wakulima wa kranberi ulioanzishwa mwaka 1930. Mwaka 2016 wengine wakajaribu tena, safari hii kwa wanawake 185 wanaoishi kwenye nyumba za kutunzia wazee jimbo la Connecticut, wakiwapa vidonge vya kranberi au vya bandia kwa mwaka mzima. Hawakuona tofauti ya maana.

Jopo la Cochrane, linalokusanya na kupima tafiti za tiba duniani, lilisema mwaka 2012 kwamba faida haionekani vya kutosha. Mwaka 2023 lilirudi na tafiti 50 zenye washiriki zaidi ya 8,800, na likabadili kauli. Kwa wanawake ambao UTI huwarudia mara kwa mara, bidhaa za kranberi zilipunguza uwezekano wa kuugua tena kwa karibu robo. Kwa watoto, na kwa watu walio hatarini kutokana na matibabu fulani, zilipunguza kwa takribani nusu. Kwa wazee wanaoishi kwenye vituo vya matunzo, kwa wajawazito, na kwa watu wazima ambao kibofu chao hakitoi mkojo wote, faida haikuonekana.

Kwa hiyo kama wewe ni mwanamke mwenye afya njema, na UTI iliyothibitishwa na maabara imekurudia mara mbili tatu ndani ya mwaka, una sababu ya kujaribu kranberi kama kinga. Kama ni mjamzito, kinga yako ni kipimo cha mkojo kliniki. Kama hujawahi kuugua UTI, kunywa kwa ladha tu, hakuna deni unalolipa. Na kupungua kwa robo maana yake ni kwamba wanawake wengi wanaoitumia vizuri kabisa bado wataugua, bila kosa lao.

Hata Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, nchi inayoongoza kwa kulilima tunda hili, ilipokubali mwaka 2020 watengenezaji waandike kwamba huenda likapunguza kujirudia kwa UTI kwa wanawake wenye afya, iliwalazimisha waandike papo hapo kwamba ushahidi ni mdogo. Wauzaji wetu wa mtandaoni wameichukua nusu ya kwanza ya sentensi na kuizika ya pili.

Hatua ya 5: Ukiwa tayari unaungua, weka glasi chini

Hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba kranberi hutibu UTI iliyokwisha kuanza. Kila siku unayotumia kunywa juisi huku mkojo ukiunguza ni siku ambayo bakteria anaweza kupanda kwenye figo.

Nenda ukapime, na upime vizuri. Jioshe kwa maji safi, anza kukojoa chooni, kisha kinga mkojo wa katikati kwenye kikopo bila kugusa ndani yake. Mkojo wa mwanzo hubeba uchafu wa nje na kuidanganya maabara. UTI ikiwa inakurudia, omba mkojo uoteshwe, ili ajulikane bakteria gani yupo na dawa ipi inamweza. Nasisitiza hili kwa sababu kwetu neno UTI limekuwa la kufunikia kila kitu. Homa kidogo, UTI. Kiuno kinauma, UTI. Mtu hununua antibiotiki dukani bila cheti, anameza siku mbili, anapata nafuu, anaacha, na ile "UTI sugu" anayolalamikia inazaliwa hapo. Vimelea vikishakuwa sugu, muuza juisi ndiye atakayefurahi, kwa kuwa amepata mteja wa kudumu.

Kuna pia magonjwa yanayovaa sura ya UTI. Mwanamume anayeunguzwa na mkojo na kutokwa usaha anaweza kuwa na kisonono, na anapaswa kutibiwa yeye pamoja na mwenzi wake. Mtu wa pwani au visiwani, hasa mtoto anayeoga kwenye madimbwi na mabwawa, akikojoa damu, afikiriwe kichocho. Dawa ya kichocho inajulikana, ni prazikwanteli, na haijawahi kuchumwa kwenye mmea wa kranberi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeyaficha nyuma ya glasi ya juisi naye ni mficha maradhi.

Usisubiri kesho ukiona homa na kutetemeka, maumivu ya ubavuni au mgongoni chini ya mbavu, kutapika, au damu kwenye mkojo. Mjamzito, mtoto, mwanamume na mwenye kisukari waende kituo cha afya tangu dalili ya kwanza. Kwa mjamzito, maambukizi yasiyotibiwa yanaweza kufika kwenye figo na kusababisha uchungu kabla ya wakati, na ndiyo maana mkojo hupimwa kliniki hata kama mama hajisikii vibaya.

Hatua ya 6: Usipime dawa kwa mdomo wa mtu maarufu

Tarehe 9 Novemba 1959, wiki chache kabla ya sikukuu ya Shukrani ambapo Wamarekani hula bata mzinga kwa sosi ya kranberi, waziri wao wa afya, elimu na ustawi, Arthur Flemming, alitangaza kwamba baadhi ya kranberi za majimbo ya Washington na Oregon zilikutwa na aminotriazoli, dawa ya kuua magugu iliyosababisha saratani ya tezi kwa panya wa maabara. Mauzo yakaporomoka. Wakulima wakalia.

Wanasiasa wakakimbilia sahani. Makamu wa Rais Richard Nixon akala sosi ya kranberi mara nne mbele ya watu huko Wisconsin. Seneta John Kennedy, aliyekuja kushindana naye kwenye uchaguzi wa 1960, akanywa juisi yake katika jimbo hilo hilo. Hakuna tumbo kati ya hayo mawili lililothibitisha kitu. Kilichomaliza wasiwasi ni upimaji wa shehena, moja baada ya nyingine, ili zilizo salama zitenganishwe na zenye dawa.

Ukimwona msanii au mwanamitindo ameshika chupa ya vidonge vya kranberi na kutabasamu, mfikirie Nixon na kijiko chake. Amelipwa, au anataka kitu kutoka kwako. Uliza kipimo kilichofanywa, kimefanywa kwa watu wa namna gani, na nani alikigharimia. Muuzaji asiyeweza kujibu hata moja apewe salamu za heri, aendelee na safari.

Kwa kigezo hicho hicho, yapime na madai mengine. Kuhusu bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, utafiti mmoja wa China uliochapishwa mwaka 2005 ulifanywa kwa watu wazima 189 kwa siku 90. Waliokunywa juisi ya kranberi mara mbili kwa siku walipona bakteria huyo kwa kiwango cha watu 14 katika 100, dhidi ya 5 katika 100 kwa waliokunywa kinywaji cha bandia. Ni jambo la kutia moyo kwa watafiti. Kwa mgonjwa, lina maana kwamba 86 katika 100 walibaki na bakteria wao, na kwamba dozi ya hospitali ndiyo tiba. "Kusafisha figo" nako ni maneno matupu. Figo zako husafisha damu mchana na usiku bila kusubiri chupa ya mtu. Na kinywaji chenye vijiko saba vya sukari hakiyeyushi kitambi, kinakilisha.

Hatua ya 7: Mwambie mfamasia unachomeza

Kama unatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, usiongeze kranberi kimyakimya. Uingereza ilitoa tahadhari mwaka 2003 baada ya kupokea taarifa za wagonjwa ambao uwezo wa damu yao kuganda ulibadilika. Majaribio yaliyofuata, kwa viwango vya kawaida vya juisi, hayakuonyesha athari kubwa, lakini kwenye dawa ambayo kiwango chake hupimwa kila mara, hakuna sababu ya kubahatisha. Mwambie daktari, na kipimo chako cha INR, kinachoonyesha damu inavyoganda, kifuatiliwe.

Kama umewahi kupata mawe ya figo ya oksaleti, kaa mbali na vidonge vya kranberi mpaka uulize. Vinakusanya kwa wingi vitu ambavyo glasi ya juisi ina kidogo, na oksaleti ni kimojawapo. Mwenye kisukari asome sukari kwenye boksi kabla ya kusoma jina. Mtoto mdogo akipewa juisi nyingi anaweza kuharisha, na vidonge asipewe bila ushauri wa daktari.

Meno nayo yana haki. Kranberi ina asidi kali, na kinywaji chenye asidi na sukari kikikaa mdomoni siku nzima kwa mafundo madogomadogo hula gamba la jino. Kinywe pamoja na chakula, sukutua kwa maji, na usipige mswaki papo hapo. Subiri nusu saa.

Ukichagua vidonge, tafuta kiasi cha proanthosianidini kilichoandikwa. Kiwango kinachotajwa sana kwenye tafiti ni miligramu 36 kwa siku. Chupa inayojivunia "miligramu elfu nyingi za kranberi" bila kutaja kemikali hiyo imekupa uzito wa unga tu. Kagua usajili wake kwa mamlaka ya nchi yako, na tarehe ya kuisha muda.

Hatua ya 8: Anza na maji

Hatua hii ningeiweka ya kwanza, ila nilijua ungeiruka. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanawake 140 wa Bulgaria ambao UTI ilikuwa inawarudia na walikuwa hawanywi maji ya kutosha. Nusu yao waliongeza lita moja na nusu ya maji kila siku, wengine wakaendelea kama kawaida. Ndani ya mwaka mmoja, walioongeza maji waliugua kwa wastani mara 1.7, na wasioongeza mara 3.2. Maji yalipunguza ugonjwa kwa karibu nusu, na punguzo hilo linalizidi lile la robo la kranberi.

Kwa hiyo weka chupa ya maji mezani kazini. Dereva, muuza duka, mwalimu anayebana mkojo kwa sababu vyoo vya shule ni vichafu: mwili wako unahitaji kukojoa, na mwajiri ana wajibu wa kukuwekea choo safi. Kojoa baada ya tendo la ndoa. Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na wafundishe hivyo mabinti zako wangali wadogo. Acha kabisa kujiosha ukeni kwa sabuni, manukato na "dawa za kubana". Bakteria wazuri wanaokulinda huko ndio wa kwanza kufa. Mwenye figo au moyo wenye matatizo aulize kwanza anaruhusiwa maji kiasi gani.

Hatua ya 9: Sasa kula kwa raha

Ukishafika hapa, tunda ni lako. Ndugu zetu walioko Minnesota, Texas au Toronto huzikuta kranberi mbichi madukani kuanzia Oktoba hadi Desemba. Chagua ngumu, zinazong'aa, na zikidunda ndiyo hizo. Zigandishe, zitakaa miezi mingi.

Kwa sosi, chukua pakiti ya gramu 340, kikombe cha maji na kikombe cha sukari, chemsha kwa moto wa wastani kama dakika kumi. Utazisikia zikipasuka moja moja, kisha mchuzi unaanza kuwa mzito. Ukitaka sukari ipungue, tia kidogo zaidi, badili nusu ya maji kwa juisi ya chungwa na ongeza kipande cha mdalasini na tangawizi iliyoparwa. Ikipoa huganda yenyewe. Inapendeza pembeni ya kuku wa kuchoma, na kijiko chake kimoja ndani ya mtindi usio na sukari kinatosha asubuhi. Aliye Mombasa au Arusha anunue kavu kidogo, azichanganye na karanga na korosho, na afunge mfuko kabla haujaisha.

Ukiitumia kama kinga, itumie kila siku kwa miezi, maana kemikali zake hupita na mkojo na kwisha. Chagua isiyo na sukari ya kuongezwa, andika tarehe unazougua, na baada ya miezi sita soma daftari lako. Hali ikiwa ileile, acha, rudi kwa daktari, na pesa hiyo ielekezwe kwingine.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, na mkojo unaunguza, lipia kipimo. Na siku shangazi atakapotuma kwenye grupu la familia tangazo la chupa inayomaliza UTI sugu kwa siku tatu, usimcheke wala usinyamaze, kwa sababu anatuma kwa mapenzi na wapo watakaonunua. Mjibu: "Shikamoo shangazi, asante kwa kutujali. Huyo aliyepona alipima mkojo wapi, na maabara iliotesha nini?" Kisha mpigie simu, mwulize kama na yeye anaumwa, na umpeleke akapime.